Mrija wa Kwanza wa Mama Aline

Jua halijatoka sawasawa juu ya vilima vya Kasulu, na Konsolata Ininahazwe tayari amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Mbele yake kuna mtama mwekundu uliotandazwa juu ya magunia yenye unyevu. Anauchota kiganjani, anaunusa, anaurudisha. Punje zimeanza kutoa vijimizizi vyeupe.

"Huu bado," anasema bila kumtazama mtu. "Ukiuanika leo utakupa uji, hautakupa pombe."

Anainuka huku ameshika kiuno, anakwenda kwenye pipa la pombe iliyokwisha kuiva. Anachota kikombe kwa ajili ya mgeni aliyefika na kalamu yake. Lakini hampi. Anakinywa yeye kwanza, funda moja refu, anameza huku akimtazama mgeni usoni, kisha anafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja na kukitoa kwa mikono miwili.

"Mama Aline, huyo ni mwandishi wa gazeti, si mkwe!" mfanyakazi mwenzake anamtania kutoka kwenye mashine ya kuoshea chupa, na wengine wanaangua kicheko.

Mama Aline hacheki. Anasubiri hadi kikombe kirudi kitupu, ndipo anarudi kwenye mtama wake.

Hapa ni kwenye Kiwanda cha Mrija, kiwanda kidogo kilichowekwa ndani ya ghala la zamani la kahawa, nje kidogo ya mji. Bia zake ni tatu, na zote zimetoka kwenye mashamba ya nyanda hizi za juu za Kigoma. Moja ni ya ndizi za Titye iliyotiwa asali ya Kibondo. Nyingine ina kahawa ya Munanila. Ya tatu ni ya mtama, na kwenye lebo yake pameandikwa Impeke, jina ambalo bibi zetu waliipa pombe hiyo kabla chupa hazijafika huku. Hiyo ya tatu ndiyo ya Mama Aline. Anaichipuza yeye, anaipika yeye, na haiondoki pipani mpaka yeye aseme imeiva.

Wanaoinywa ni wengi. Wanaojua imetoka mkononi mwa nani ni wachache, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Kwa asiye wa huku, kuna jambo linalohitaji kuelezwa. Pombe ya mtama hunywewa kwenye chungu kimoja, watu wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake au wakipokezana. Na anayeileta huinywa kwanza mbele ya macho ya watu. Kitendo hicho wenyeji hukiita kusogongera. Ni adabu, lakini pia ni kiapo kisicho na maneno: hiki ninachokupa nami nimekinywa, tukifa tunakufa wote. Mpishi asiposogongera, mgeni ana haki ya kuacha chungu kama kilivyo na kwenda zake.

Mama Aline aliijua desturi hiyo tangu akiwa mtoto. Alizaliwa Kumsenga, wilayani Kibondo, kwa wazazi waliovuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, na mama yake ndiye aliyemfundisha kupika. Leo ni raia wa Tanzania, ana miaka arobaini na sita, na hajawahi kuiacha desturi hiyo isipokuwa siku moja tu. Siku hiyo moja ndiyo iliyomgharimu.

Ni miaka tisa sasa. Jirani yake alikuwa anapokea mahari ya binti, na Mama Aline, mpishi aliyesifika kuliko wote kijijini, akaagizwa pombe. Wiki hiyo alikuwa ametoka kuugua malaria na bado alikuwa anameza vidonge. Muuguzi alimkataza pombe kabisa mpaka amalize.

Akabeba chungu, akakiweka mbele ya Mzee Nsabimana, mkubwa wa shughuli. Kulikuwa na wageni kutoka mjini wasiojua Kiha, hivyo akajikaza kusema Kiswahili. Akachomeka mirija, akarudi nyuma hatua moja, akasema kwa tabasamu: "Kunyweni, wazee. Mimi leo nina dawa."

Alitaka kusema yuko kwenye matibabu. Watu wakamwelewa hivyo hivyo, wakampa pole, wakanywa. Mzee Nsabimana akasifia, akasimulia visa vya ujana wake, akacheka mpaka machozi. Kabla jua halijazama alianguka kutoka kwenye kiti chake, na usiku ule ule akafariki. Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba shinikizo la damu alikuwa nalo siku nyingi.

Kijiji kikasema vingine. Mama Aline hakusogongera, na alisema mwenyewe kwa kinywa chake kwamba ana dawa. Neno lile lile lililomaanisha vidonge vya malaria asubuhi, jioni likawa sumu, na kufikia siku ya mazishi lilikuwa uchawi uliovushwa mpaka kutoka Burundi. Wenye akili zao walisahau kwamba nusu ya waliokaa msibani wazazi wao walivuka mpaka huo huo.

"Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenichomea nyumba," anasema Mama Aline. Anazungumza taratibu, ametulia kama maji mtungini. "Waliacha tu kunywa. Nilikuwa napika, naweka chungu uani, kinakaa mpaka kinachacha. Nakimwaga mwenyewe. Yemwe, jamani, kumwaga pombe uliyoipika kwa mkono wako ni kama kumwaga mtoto."

Akaacha kupika, akaanza kulima vibarua. Hata hilo angelivumilia. Kilichomvunja kilikuwa ndani ya nyumba yake.

"Siku moja nimempa mume wangu uji. Akaushika, akaniangalia. Nikamwuliza, vipi, wa moto? Akasema hapana. Akawa ananisubiri. Nikaelewa. Nikachukua bakuli nikanywa mbele yake, ndipo na yeye akanywa." Anaondoa jiwe dogo kwenye mtama. "Uji, ndugu yangu. Nimemzalia mtoto huyo mtu."

Mwaka uliofuata mume alikwenda Kaliua kulima tumbaku. Alikaa huko moja kwa moja, akaoa huko. Mama Aline akabaki na binti yake, Aline, aliyekuwa bado shule ya msingi na ambaye huko shuleni hakuna aliyekubali kula naye sahani moja.

Mtu aliyeendelea kumtazama usoni alikuwa Ridhiwani Isihaka, muuza nafaka wa sokoni Kibondo, ambaye kwa dini yake pombe haijawahi hata kugusa midomo yake. Alimuuzia mtama siku zote, na hata alipoacha kupika, alimsalimia mbele za watu kwa sauti ya kusikika.

"Mimi Muislamu, pombe sijui nzuri ni ipi na mbaya ni ipi," anasema Ridhiwani akiwa dukani kwake. "Lakini wanywaji walikuwa wanasimama hapa hapa wanamsifia yule mama. Halafu ghafla eti mchawi. Nikawauliza, mchawi gani anatangaza kwamba ana dawa? Wakanuna."

Ni yeye aliyemtaja kwa Niyongabo, mwenye kiwanda. Niyongabo ni mzaliwa wa Kasulu aliyefanya kazi kwenye viwanda vya bia Dar es Salaam, kisha akakata shauri kurudi nyumbani na kutengeneza bia yenye ladha ya kwao. Mtama ulimshinda. Kila alipojaribu ilitoka chachu kupita kiasi.

"Mzee Ridhi akaniambia kuna mama Kumsenga, ila watu wanamsema," anakumbuka Niyongabo. "Nikaenda. Kabla sijakaa akaniambia, kwanza ujue mimi ndiye yule. Nikamwambia mama, mimi shida yangu mtama. Akapika chungu kidogo. Nikaonja, nikasema huyu hapana, simwachi."

Mama Aline alikubali kwa sababu moja ambayo hakumwambia tajiri yake siku ile. Chupa ina kizibo. Anayeinunua haulizi nani kaionja.

Kazi ikamwinua. Nyumba ya Kumsenga imeezekwa bati, na Aline amemaliza mafunzo ya ushonaji. Lakini kuna siku alikwenda kijijini kusalimia, akapita kilabuni, akamkuta mmoja wa wazee waliogeuzia chungu chake kisogo ameshika chupa ya Impeke. Mzee yule alikuwa anawaambia wenzake kwamba ladha hiyo hajaipata tangu enzi za ujana.

"Nilitaka kufurahi," anasema. "Nikashindwa. Anakunywa pombe yangu kwa sababu hajui ni yangu. Sasa hapo nimesamehewa au nimejificha?"

Niyongabo amemwomba mara nyingi lebo iandikwe jina lake. Amekataa mara zote. Wakijua, anasema, wataitema.

Pengine mambo yangebaki hivyo, kama si Aline kupata mchumba. Kijana ni wa Titye, mkulima wa ndizi, na baada ya mavuno ndugu zake watakuja Kumsenga kuleta mahari. Kwa desturi, mama wa binti akiwa mpishi wa pombe, ndiye anayeweka chungu mbele ya wageni. Wajomba wakashauri busara itumike: zinunuliwe kreti za soda na bia za dukani, mambo yapite kimya kimya.

Aline akakataa. "Nikawaambia, kama mama yangu haweki chungu, basi na mimi siolewi siku hiyo," anasema binti huyo, ambaye ana macho makali na mdomo usioogopa wajomba. "Wageni wangu waambiwe nini? Kwamba mama yangu ana nini? Mimi nimekula chakula chake maisha yangu yote."

Mama Aline akajua kuna mlango mmoja tu wa kupitia. Ikiwa mjane wa Mzee Nsabimana hatakunywa, hakuna mtu wa Kumsenga atakayekunywa. Baada ya Pasaka akapiga moyo konde, akafunga kanga yake nzuri, akaenda nyumbani kwa mjane huyo, Bibi Ndayikeza. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ya mazishi.

Bibi Ndayikeza sasa ni mtu mzima sana, miguu imevimba, na alipokea ugeni ule akiwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Gazeti hili lilipomtembelea alikuwa kwenye mkeka huo huo, na hakuficha kilichosemwa.

"Alipiga magoti hapo ulipo," anasema. "Akaniambia, mawe, mama yangu, nimekuja kukuomba unywe kwangu siku ya Aline. Nikamwambia, mbona nilishakunywa?"

Kisha akamwambia jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu. Siku ile, Mzee Nsabimana alipomaliza kunywa, alimpokeza mkewe mrija. Bibi Ndayikeza akanywa kwa mrija ule ule, kwenye chungu kile kile, na usiku ule alilia msiba akiwa mzima wa afya.

Mbona hakusema, miaka yote tisa? Bibi kizee anajibu huku akichambua maharage.

"Ningesema pombe ni safi, wangeuliza, basi kimemuua nini? Na chakula chake cha mchana nani alikipika?" Anajipiga kifuani kwa kidole. "Ni mimi. Wangemwacha yeye wangenishika mimi. Nilikuwa mjane wa siku moja, mwanangu. Niliogopa. Imana irabizi, Mungu anajua."

Mama Aline aliinuka, akatoka bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mzee yeyote.

"Nilikuwa na hasira mpaka sioni njia," anasema. "Nikafika nyumbani nikalia. Si kwa ajili ya pombe, kwa ajili ya ule uji. Kumbe kulikuwa na mtu anajua, na mimi nanywa uji mbele ya mume wangu kama mbwa anayejaribishwa nyama."

Alirudi Kasulu, akachipuza mtama, akapika, akakaa wiki kadhaa bila kumtaja Bibi Ndayikeza kwa mtu. Lakini kila alipofikiria, alijikuta anaiona ile mikono ikichambua maharage yale yale. Wote wawili, anasema, walikuwa wanawake wenye hofu, ila hofu ya mmoja ilimwangukia mwingine. Akarudi Kumsenga. Safari hii alibeba kibuyu kidogo, akasogongera, akampa bibi. Bibi akanywa na kuomba tena.

Sasa wamepatana. Bibi Ndayikeza atabebwa na wajukuu zake hadi kwenye shughuli na kuketi safu ya mbele, na ameahidi kusema mbele ya watu alichokuwa amekificha. "Nimezeeka. Wakinishika sasa watashika nini?" anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Kumsenga itafanya nini, hakuna ajuaye. Wajomba bado wanataka kreti za soda ziwe tayari nyuma ya nyumba. Niyongabo anasubiri kuchapisha lebo mpya, na safari hii Mama Aline hajakataa. "Wakinywa chunguni, andika," amemwambia. "Wasipokunywa, acha ilivyo."

Jua limeshapanda. Mama Aline anageuza mtama mara ya mwisho na kuufunika gunia lenye maji. Mtama wa chungu cha Aline ameuweka kando kwenye mfuko wake, ameuchagua punje kwa punje. Kinachompa kazi si pombe, anasema, ni maneno, kwa kuwa wageni wa Titye watakuja na marafiki wa mjini na itabidi tena aseme Kiswahili. Amekuwa akiyafanyia mazoezi akiwa peke yake, mbele ya mapipa.

Anaulizwa atasema nini. Anafuta mikono kwenye kanga, anasimama wima kana kwamba chungu kiko miguuni pake na watu wote wamenyamaza kumsikiliza.

"Nitasema, karibuni wazee. Mimi leo nina kiu." Anainamia mrija usioonekana. "Halafu nitakunywa."