Kigugumizi Si Uongo

Sauti inayonitesa ni K. Nyingine huniacha nipite, lakini K hunifunga koo kana kwamba mtu amenibana hapo kwa kidole gumba. Mdomo uko wazi, pumzi ninayo, neno ninalijua, ila halitoki. Anayenitazama huona mwanamke mzima amekodoa macho huku kidevu kikimtetemeka, na mara nyingi hucheka kabla hajajua anacheka nini. Nimeishi hivyo tangu nilipoanza kusema. Sasa nina watoto wanaoongea bila shida yoyote, na watu huniambia nimshukuru Mungu kwa hilo, kana kwamba mimi ni balaa walilolikwepa.

Nilizaliwa Bulumbi nchini Uganda, lakini shangazi yangu aliyeolewa Busia ya Kenya ndiye aliyenilea na kunisomesha. Shangazi alikuwa mtu mwema. Aliamini kwamba kigugumizi changu kilitokana na kutekenywa mno nikiwa mchanga, na hakuwahi kumsamehe mama kwa hilo. Shuleni hawakuhangaika kutafuta sababu. Mwalimu wetu alipoita majina asubuhi alitaka kuitikiwa upesi, na nilipochelewa aliandika kwamba sikuja, nami nimekaa dawati la mbele, macho kwa macho naye. Mwisho wa muhula shangazi akaitwa aeleze kwa nini mtoto wake ni mtoro. Nilisimama ubavuni pake siku hiyo. Mwalimu alimuuliza yeye kila kitu, mimi hakuniuliza neno. Hasira niliyoipata sikuwa na pa kuipeleka, kwa hiyo nikajifunza ujanja.

Ujanja wenyewe ni kubadilisha maneno. Nikiona K inakuja, naizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi njiani. Kesho huwa "asubuhi ijayo". Kitanda huwa "pa kulala". Kuna majirani walioishi nami miaka mingi bila kujua kwamba nina kigugumizi; walidhani tu naongea kwa madaha. Na nikiimba, sauti hutiririka yenyewe, K na zote, wala sijui kwa nini. Kwaya ya kanisa letu hunipa mistari ya kuimba peke yangu. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo watu wote hunisikiliza hadi mwisho.

Kazi yangu ni vifaranga. Nawanunua wakiwa wa siku moja kwa wakala upande wa Kenya, nawavusha kwa kibali, kisha nawapeleka kwa wakulima wa vijiji vya Busia na Tororo, upande wa Uganda. Ni kazi ya mbio. Kifaranga aliyetoka kwenye yai jana anaweza kuvumilia safari, lakini hawezi kuvumilia kuchomwa na jua ndani ya boksi. Ndiyo maana huvuka mapema, barabara ikiwa bado na ubaridi.

Siku ninayoieleza tulichelewa. Umeme ulikuwa umekatika kwa wakala, na tulipofika kwenye meza ya ukaguzi upande wa Uganda jua lilikuwa limeshakolea. Maboksi yalikuwa yamefungwa kwenye pikipiki ya mwanamume mmoja wa Rubongi ambaye amenibebea mizigo miaka mingi, mtu mzima mwenye wajukuu. Vifaranga wenyewe walikuwa wa kikundi cha akina mama wa Kiyeyi. Kibali kilisema hivyo hivyo: kutoka kwa wakala, kwenda Kiyeyi.

Mezani palikuwa na mkaguzi mgeni. Yule wa zamani alinizoea. Alitazama karatasi, akagonga muhuri, akaniuliza habari za nyumbani. Huyu mpya hakuinua kichwa.

"Wewe nabeba nini?"

"Vifaranga, afande."

"Nakwenda wapi?"

Jibu lilianza na K. Niliisikia ikipanda, nikajua itakwama, nikafanya nilivyozoea kufanya.

"Tororo," nikasema.

Haukuwa uongo. Kiyeyi iko wilaya ya Tororo, na hata mtoto mdogo wa huku anajua. Lakini mkaguzi aliisoma karatasi, akaisoma tena, ndipo akainua kichwa.

"Hapa wameandika Kiyeyi. Sasa ni Tororo ama ni Kiyeyi?"

Nilijaribu. Koo likajifunga. Nikajaribu kuanza na neno jingine, nikasema ni huko huko, nikasema ni wilaya moja, na kila nilipozunguka nilizidi kuonekana kama mtu anayetunga. Mkaguzi akawaambia waliokuwa kwenye foleni kwamba mtu mkweli hafikirii kwanza anapoulizwa aendako. Akasema kibali ni cha mtu mwingine na mimi nimekiokota au nimekinunua. Akaagiza maboksi yashushwe na kuwekwa kando ya ukuta mpaka nitakapoamua kusema kweli.

Ukuta ule haukuwa na kivuli. Nilionyesha kwa mkono upande wa pili, penye paa. Akanionyesha tena ukuta.

Mwenye pikipiki akaona anisaidie. Alivua kofia, akamsogelea mkaguzi na kumwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Afande, huyu usimhesabie. Huyu ni bubu kidogo."

Bubu kidogo. Mtu huyu amekunywa chai nyumbani kwangu. Amenisikia nikibishana na wakala hadi wakala akanyoosha mikono. Njia nzima kutoka Busia hadi Tororo huwa tunazungumza, nami humjibu kila anachouliza. Lakini mbele ya meza, mbele ya mtu mwenye muhuri, rafiki yangu alinishusha cheo ili nihurumiwe, na aliponitazama alitegemea nimshukuru.

Haikutosha. Palikuwa na mama mmoja anayefagia pale, ambaye tuko naye kwaya moja. Naye alitaka kunitetea. Aliegemeza ufagio ukutani, akasema ananifahamu, mimi ni mtu wa kanisa na siwezi kudanganya. "Yeye naimba peke yake mbele ya watu wote," akasema, "na sauti yake haikwami hata kidogo."

Mkaguzi alicheka. "Kumbe sauti iko," akasema. "Ya kuimba iko, ya kujibu serikali hakuna."

Basi hapo kesi yangu ikawa imekwisha. Mmoja alinitetea kwa kusema mimi ni bubu, mwingine akanitetea kwa kusema sina tatizo lolote, na mkaguzi akachukua la pili kuwa ushahidi kwamba najifanya. Foleni nzima ilikuwa ikinijadili. Walisema anaogopa, walisema amezoea magendo, mmoja akasema labda ana kifafa na apewe nafasi. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikuwa nimesimama katikati yao kama mzigo usio na mwenyewe.

Wakati huo wote niliwasikia vifaranga. Wakiwa salama hulia kwa pamoja, kelele nyembamba isiyokatika, na ukiizoea huisikii tena. Joto likiwazidi, kelele hupanda, kisha huanza kupungua. Nilisikia boksi la chini likipungua. Nilijua maana yake. Nilijua pia kwamba hakuna mtu mwingine mahali pale aliyejua maana yake, na kwamba wa kuisema ni mimi, kwa mdomo huu huu nilio nao.

Nilimwambia mwenye pikipiki anyamaze. Nilimwomba yule mama naye anyamaze. Kisha nikasogea hadi mapaja yakagusa meza.

"Nisikilize mpaka mwisho," nikamwambia mkaguzi. "Usinisaidie neno."

Nikasema nakwenda, halafu nikaiendea K yenyewe, bila kuizunguka. Ilikwama. Niliiacha ikwame. Kichwa kilitikisika, jicho moja likajifumba, mate yakanitoka pembeni mwa mdomo, na sikugeuza uso. Tangu nikiwa msichana sikuwahi kumwacha mtu nisiyemjua aone hayo. Nyuma yangu mtu alisonya. Mtu mwingine akaanza kunimalizia kwa majina ya mahali: Kisoko, Kayoro, Kwapa, kama watoto wanaocheza kitendawili. Ndipo mwanamke Mkenya aliyekuwa na beseni la nyanya kichwani akasema, bila kupaza sauti, "Mwacheni amalize."

Wakaniacha nimalize.

"Kiyeyi," nikasema. "Kiyeyi iko Tororo. Sikudanganya. Nina kigugumizi. Kuku wanakufa pale ukutani, na kibali ni changu."

Ilichukua muda, maana kila neno zito nililipitia katikati. Mkaguzi alinitazama mdomo, hakunitazama macho. Foleni ilikuwa imefika barabarani na madereva wameanza kupiga honi. Akavuta karatasi, akagonga muhuri, akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Siku nyingine kuja na mtu ya kukusemea," akasema.

Tulikwenda Kiyeyi kwa kasi ambayo siipendekezi kwa mtu yeyote. Akina mama walikuwa wameshaandaa banda, wametandaza maranda na kuwasha jiko la kuwapa joto vifaranga ambao tayari walikuwa wamepikwa na jua. Tulifungua maboksi nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi, mjane mmoja wa makamo. Boksi la juu walikuwa hai, wamelegea. La kati nusu nusu. La chini hakukuwa na kitu cha kutoa isipokuwa maiti, wamebanana kwenye kona moja walipokuwa wakitafuta hewa.

Mwenyekiti aliniuliza kilichotokea. Nikamweleza chote, kwa K zangu zote, na ilikuwa mara yake ya kwanza kunisikia hivyo. Hakunikatiza. Alipoelewa, alichukua jembe akaenda kuchimba shimo nyuma ya migomba, nami nikabeba boksi. Tulipokuwa tunafukia, mwanamke mmoja wa kikundi akaniambia kwa upole kwamba labda kweli ningetafuta mtu wa kunisemea, ili nisiteseke. Alikuwa amenishika bega. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mkaguzi, na hadi leo sijaweza kumweleza kwa nini.

Asubuhi iliyofuata nilirudi mpakani kumwona mkuu wa mkaguzi yule. Mwenye pikipiki alijitolea kuingia nami. Nikamwambia aningoje nje, na nikamwambia pia kwamba mimi si bubu kidogo wala bubu sana. Aliniomba radhi hapo hapo, akiwa ameinamia usukani. Namwamini.

Mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza huku akitazama saa ya ukutani. Mwisho akasema amepata suluhisho. Angewaagiza vijana wake wanipitishe bila kuniuliza chochote. Nikifika nionyeshe karatasi tu, wagonge muhuri, niende zangu. Alifurahi sana kwa wazo hilo.

Nikamwambia hapana.

Akadhani hakunisikia vizuri. Nikarudia. Nikamwambia kwamba kila mtu anayevuka pale huulizwa anabeba nini na anakwenda wapi, nami nataka niulizwe, kisha nisubiriwe nijibu. Nikamwambia pia kwamba mizigo yenye uhai iwekwe penye paa, ya mtu yeyote, awe na kigugumizi au asiwe nacho. Hilo la pili alilikubali upesi. La kwanza lilimtatiza. "Lakini mama," akasema, "mimi nataka kukurahisishia." Nikamjibu kwamba atakayerahisishiwa hapo ni mkaguzi wake, si mimi.

Paa lilipatikana, na wanaovusha sungura na miche nao hulitumia. Waliokufa niliwafidia mimi, kwa vifaranga wa safari zilizofuata. Ofisi haikufidia hata unyoya. Yule mama wa kwaya alinifuata baada ya ibada, akaniuliza kama kweli sijifanyi, na nikamweleza nilivyo hadi walinzi wakaja kufunga milango. Siku hizi ananisubiri nimalize. Wakati mwingine anasahau na kunimalizia neno, kisha anajiziba mdomo kwa kiganja.

Ujanja wa kubadilisha maneno nimeuacha. Majirani wale walioniona mwenye madaha sasa wanajua, na wawili watatu wamepunguza kunitembelea. Kuna siku nachoka, nikitamani njia ya zamani, hasa sokoni kukiwa na watu wengi. Hata hivyo nasema kesho, nasema kitanda, nasema kuku, kwa muda ninaouhitaji.

Mkaguzi bado yuko mezani. Akiniona huuliza maswali yake yale yale, kwa sababu ameagizwa, na ninapojibu huchezea simu yake, akiiweka mbele ya uso ili asinione mdomo. Hajawahi kuniomba radhi. Nami sipunguzi neno hata moja.