Nilivyokwangua Meno ya Maalim

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Lindi, Uhuru ukiwa bado mbichi, Mganga wa Meno hakunipa hata koleo. Alinipa jino lililong'olewa na kikwangulio, kile chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akaniamuru nifumbe macho.

"Kwangua. Unasikia nini?"

"Kama mchanga, bwana."

"Huo ni ukoga ulioganda. Endelea."

Nikakwangua mpaka chuma kikateleza. Akanipiga kofi mkononi. "Hapo ndipo unapoacha! Mzizi wa jino una gamba jembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukilitoa, halioti tena. Na usitafute weupe, mzizi haukuumbwa mweupe."

Miaka mitatu nilifumba macho mbele ya mzee yule mkali. Nyie vijana mna mashine za kila namna. Sisi tulikuwa na vidole.

Kisha nikapelekwa Kilwa Masoko, wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa. Bosi wangu mpya, Mganga wa Wilaya, mambo ya meno hakuyajua, kwa hiyo wilaya nzima nilikuwa peke yangu. Kijiji kimoja nyuma ya Nangurukuru walinigomea kabisa. Walisema anayeguswa na chuma cha serikali, meno yote humpukutika. Mwenyekiti wa kijiji akamwomba Maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani, akae kitini kwanza, mbele ya watu wote.

Maalim huyo akisoma Kurani, wallahi, wapita njia walisimama. Ila alikuwa mla tambuu, na ukoga mweusi ulikuwa umejaa kwenye fizi za meno yake ya mbele.

Nilianza vizuri. Ukoga ukatoka vipande vipande, watu wakashangilia. Chuma kikaanza kuteleza, nami nikasikia kinateleza. Ningeacha pale! Lakini mama mmoja alisogea, akachungulia, akasema, "Mbona bado pana manjano, daktari?"

"Bado!" wakaitikia wenzake.

Daktari! Mimi, msaidizi tu. Kichwa kikanivimba. Nikakaza mkono, nikayakwangua yale manjano, kumbe nakwangua mzizi wenyewe. Maalim alishika kiti, machozi yanamtoka. Mwishowe meno yakang'aa, na watu wakapanga foleni hadi alasiri.

Ujinga mtupu. Mzizi uliochunwa hauvumilii maji baridi wala upepo. Tena nilikuwa nimeuachia mitaro. Ukoga ukarudi, ukajibana humo, fizi zikaoza. Niliporudi mwaka uliofuata, meno mawili yalikuwa yanacheza. Baada ya miaka michache, yote manne ya mbele ya juu hayapo. Zile herufi zinazotaka ncha ya ulimi iguse meno zikawa zinatoka upepo mtupu. Mtu aliyewasahihisha wengine matamshi maisha yake yote akajitoa mwenyewe: akaacha kusalisha, akaacha kusomesha, akabaki na shamba la mihogo. Watu wakasema ni uzee, na mimi, mwoga mkubwa, nikawaacha waseme.

Nikahamishiwa Lindi, nikapandishwa cheo, nikastaafu kwa hotuba na soda. Daktari kijana aliyerithi chumba changu alinieleza kuwa huko ng'ambo kuna mwanga unaitwa leza, unasafisha mzizi bila chuma.

"Ukizidisha je?" nikamuuliza.

"Mzizi unaungua, mzee. Unafanya nyufa."

Alijibu kama mtu anayesoma kitabu. Mimi moyo ulinipasuka. Wiki ileile nikapanda basi hadi Nangurukuru, nikaenda kwa miguu mpaka kwa Maalim. Nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, karibu."

Nikamweleza yote.

"Nilijua," akasema. "Siku ileile, nilipotia maji ya udhu mdomoni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angekaa tena kitini kwako? Na watu hapa walikuwa wakifa kwa majipu ya taya."

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akaniwekea mkono kichwani, akasema amenisamehe, hapa duniani na mbele ya Mungu. Nikalia. Kisha kwa upumbavu wangu nikamwomba anisomee dua kabla sijaondoka.

Akageukia mlangoni, akamwita binti yake aliyekuwa anapepeta mchele ndani. "Njoo umsomee mgeni dua."

Binti akasoma. Maalim aliitikia amina, kiganja kikiwa mbele ya mdomo.