Chini ya Shuka ya Eeddo Dahabo

Wewe ushawahi kuangalia filamu kwa masikio? Usicheke, nijibu. Mimi nimeangalia, tena nikiwa na miaka tisa, na vile niliona kwa hayo masikio, macho yangu hayajawahi kuona mpaka leo.

Imenirudia juzi, hapa nyumbani Garissa. Binti yangu Nimo alikuwa amechoma uunsi, ule udi wetu, sebule yote moshi mtamu, watoto wanaangalia mchezo wa Kituruki uliotiwa Kisomali. Mara mwanamume kwa tivi akatoa kisu. Nimo akaruka, akamziba macho mjukuu wangu Ilhaan kwa kiganja.

"Muache aone, abaayo, dada yangu," ndugu yake Bashir akamwambia. "Dunia ndio hii."

"Dunia ataiona akikua. Huyu ana miaka minane!"

"Na wewe uliona mangapi ukiwa na minane?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Pua yangu ilikuwa imeshanipeleka Bura.

Bura yetu ya zamani tivi ilikuwa moja tu, ya Eeddo Dahabo, shangazi yangu, dada ya baba. Alikuwa anauza chai. Tivi ilikuja na lori kutoka Liboi, imefungwa kwa godoro kama mgonjwa. Baada ya swala ya alasiri anawasha jenereta, duka inatetemeka, vikombe vinacheza, na sisi watoto na kina mama tunakaa kwa mkeka. Harufu ni petroli, maziwa ya ngamia na uunsi.

Hiyo uunsi ilitoka kwa shuka yake, alikuwa anaifukiza. Eeddo alikaa karibu na tivi na shuka kwa magoti, anangoja kama askari. Watu wakikumbatiana, shuka inaanguka juu ya tivi. Mtu akipigwa sana, shuka. Ikipita, anaitoa. Na mchezo wenyewe ulikuwa wa Kihindi, kanda ndefu ndefu, hakuna mtu Bura nzima alijua Kihindi. Eeddo ndiye alitutafsiria. Wallahi hata yeye hakujua neno! "Anasema amepoteza ng'ombe," anatuambia, na mwanamume yuko ndani ya gari nzuri, amevaa tai. Sisi tunaamini.

Mwanamke wa huo mchezo tulimwita Mama Kipini, kwa sababu ya ile dhahabu ya puani. Tulimpenda sana. Alikuwa na mimba kubwa. Na mama yangu pia alikuwa na mimba kubwa, tena jana yake tu alikuwa amepandishwa lori kwenda hospitali Garissa, amejishika mgongo, hata hakunigeukia.

Basi siku hiyo Mama Kipini akashikwa na uchungu. Akalala, akapiga kelele moja hivi. Shuka, pap!

Habaryar Khadra, dada ya mama, akasimama. "Toa hiyo nguo, Dahabo! Sisi tumezaa, unatuficha nini?"

"Sikufichi wewe. Kuna watoto hapa."

"Si wanasikia? Ama utawaziba na masikio?"

"Kama unataka kuona, nunua tivi yako!"

Kina mama wakagawanyika, huyu huku, huyu kule, kelele kuliko soko ya mbuzi. Na mimi nimeinamisha kichwa, nasikiliza ile shuka. Mama Kipini alilia tena, akanyamaza. Halafu nikasikia mwanamume analia, analia kweli, kama mtoto. Halafu jenereta ikakohoa, ikazima. Petroli imeisha. Asubuhi mwenye kanda akachukua kanda yake, akaenda.

Mimi sasa ningemuuliza nani? Mambo ya uzazi, mtoto wa kike akiuliza anaambiwa hana adabu. Kwa akili yangu Mama Kipini alikuwa amekufa, hiyo sikuwa na shaka. Nikafikiria, kama Eeddo alijua Mama Kipini atakufa na akafunika, basi labda anajua ya mama yangu pia, na amefunika. Nikaanza kuangalia watu wazima vizuri. Wakinong'ona, ni mama. Wakinipa sukari, ni mama. Eeddo akiniuliza, "Eeddo, mbona hunywi maziwa?" (kwetu shangazi anakuita vile unamwita) mimi najiambia, si unaona, ananionea huruma.

Siku ya nne lori likaja. Watoto wote wakakimbilia, mimi nikajificha kwa zizi ya mbuzi. Nikachungulia. Mama akashuka polepole, na kitu kimefungwa kwa kanga. Sikumkimbilia. Nilikuja nimeinama, nikashika mguu wake, nikabonyeza kidole kimoja kimoja nione kama ni mtu ama ni jini.

"Hooyo," yaani mama, akaniita vile namwita, anacheka, "unanikagua kama ngamia ya soko? Nifungue mdomo uone meno?"

Hapo ndio nililia. Kila mtu akasema ninamuonea wivu mtoto mchanga.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa watatu. Siku moja nikakuta ile kanda kwa jirani hapa Garissa. Nikaketi, nikaiangalia. Unajua chini ya shuka kulikuwa na nini? Mlango! Mlango tu, umefungwa. Mwanamume amesimama nje, analia kwa furaha, halafu anapewa mtoto. Mama Kipini yuko ndani anakunywa maji.

Nilicheka mpaka jirani akaogopa. Halafu nikakasirika kidogo. Si kwa shuka. Shuka ni sawa, mimi mwenyewe watu wakichinjana kwa tivi nafunga macho. Na Khadra hakukosea sana, alisema ukweli, tulikuwa tunasikia. Lakini wote wawili walipigania ile tivi, na hakuna hata mmoja aliangalia uso wangu.

Kwa hivyo juzi, Nimo na Bashir wakiendelea kugombana, nilimvuta Ilhaan kwa mkeka wangu.

"Mama yako alipokuziba macho, wewe uliona nini?"

Akavuta uzi wa mkeka. "Niliona Aabo."

Baba yake ni dereva, anapeleka mizigo Liboi. Hakuna hata mtu alikuwa amemtaja. Tukampigia simu hapo hapo. Alikuwa anakula, tukamsikia anatafuna nyama, anauliza kwani kuna nini. Ilhaan akamsikiliza akitafuna mpaka akatosheka, akanirudishia simu.

Halafu akanishika masikio yote mawili, akaniambia mimi nyanya yake: "Ayeeyo, nikiogopa tena sitanyamaza. Nitakuja kukuambia. Hata ukiwa unaswali, nitakaa nyuma yako ningoje utoe salamu."