Mdau wa Viatu

Fundi viatu huyu alikuwa na anasa moja tu maishani, nayo haikuwa pombe wala karata. Jumamosi alasiri alifunga chumba chake cha kazi, akasugua vidole kwa mafuta ya taa mpaka gundi itoke, akavaa shati lililopigwa pasi hadi kola, akatoka na mkewe kwenda bustani ya mji. Huko walikuwa na benchi lao karibu na bwawa. Walitazama bata, walitazama watu, na mke akamsengenya kila aliyepita kwa mavazi yake, taratibu, bila chuki.

Enzi hizo bustani ilikuwa bustani. Bendi ya tarumbeta ilipiga bure kwenye jukwaa la saruji, na ikimaliza, mwenye neno juu ya maji au takataka alipanda akalisema. Diwani akipita na familia yake alisimama kusikiliza, maana asiposimama angezomewa mpaka mlangoni kwake. Fundi mwenyewe aliwahi kupanda siku moja kudai taa za mtaa. Alizomewa kidogo, akashangiliwa kidogo, akashuka anajiona mtu mzima zaidi ya alivyopanda. Siku hizi bendi ni spika lililofungwa juu ya mti, linatangaza sabuni, na diwani hupita ndani ya gari lenye vioo vyeusi.

Basi likabandikwa tangazo: bustani itazungushiwa uzio, ifae kwa hafla. Wenye maoni wafike ukumbini Jumamosi. Kikao kilipewa jina tamu, Tuupende Mji Wetu.

“Nenda ukaseme,” mkewe alimwambia. “Nitakungoja kwenye benchi. Ukirudi hujasema, utalala na hao bata.”

Mlangoni pa ukumbi alikaa binti mwenye sanduku la beji.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Babu ni mdau wa nini?”

“Wa nini tena?”

“Hiki ni kikao cha wadau. Tuna wadau wa utalii, wadau wa mapambo, wadau wa picha...”

“Mimi ni mkaaji wa mji huu. Nimezaliwa hapo nyuma ya soko.”

Binti hakuwa na kiburi. Alipekua sanduku lote kwa moyo mweupe, kisha akatikisa kichwa. “Wakaaji hawamo, babu.”

Hawamo! Mji mzima umeitwa kikaoni, hadi wapamba keki, ila wanaokaa ndani yake wamesahauliwa. Fundi alikuwa bado amesimama mlangoni wakati diwani aliposhuka garini.

“Aa, fundi wangu! Mpisheni huyu. Bila yeye ningekuwa natembea pekupeku.” Akampiga begani, akapita. Binti akafurahi, akaandika kwa kalamu nene, na fundi akaingia ukumbini ameandikwa kifuani: MDAU, VIATU.

Ndani walikuwa wanasema fursa. Kila aliyesimama alisema fursa, akakaa. Mpambaji wa harusi alieleza kwamba nyasi zikizungushiwa uzio zitapumua. Mpiga picha alilalamika kwamba bata huingia kwenye picha za watu bila ruhusa, na ukumbi ukacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa anayapanga maneno yake, akiyagonga moja moja kama misumari.

“Mdau wa viatu, karibu,” akasema mwenyekiti.

Akasimama. “Mimi na mke wangu hukaa pale kila Jumamosi, na wenzetu wengi. Mkishaweka uzio...”

“Samahani, mzee wangu. Suala la bustani wamelimaliza wadau wa bustani. Wewe tueleze changamoto za sekta ya viatu.”

“Sina changamoto ya viatu mimi!”

“Hilo ni jambo la kushukuru! Jamani, tumpigie makofi mzee wetu.”

Ukumbi ukapiga makofi. Kila alipofungua kinywa waliongeza, wakidhani anashukuru. Fundi alikuwa anajua kuzomewa. Ukizomewa unajibu, unapandisha sauti, unatukana ikibidi. Makofi unayajibu nini?

“Basi wadau wote tumeridhia,” mwenyekiti akafunga.

“Hata viatu!” mtu akatania kutoka nyuma, wakacheka tena.

“Mimi sijaridhia!” fundi akapaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa kimekwisha kuzimwa na watu wanapanga viti kwa ajili ya picha ya pamoja. Walimtengea cha mbele kabisa. Wazee hupendeza kwenye picha.

“Kampigeni picha bata,” akawaambia, akatoka.

Alitembea hadi bustanini. Alipofika aliona nguzo za chuma zimekwisha kusimamishwa nusu ya bustani, na saruji ya chini yake imekauka kiasi kwamba mjusi alikuwa anaota jua juu yake. Mkewe alikuwa amekaa palepale.

“Umesema?”

“Wamenipigia makofi.”

“Ya nini?”

“Ya viatu.”

Mke akamtazama kama mtu aliyepigwa na jua. Fundi akamsimulia yote. Mke hakucheka. Aligeuka kumtazama mchimbaji, mwanamume wa makamo aliyekuwa anavuta kamba kutoka nguzo hadi nguzo.

“Bwana, saruji hii mmeimwaga lini?”

“Tangu juzi, mama.”

“Juzi! Na kikao kimekaliwa leo!”

“Sisi tunachimba tu, mama.” Mchimbaji aliwafikia na kamba yake, akainama kwa heshima. “Wazee wangu, naomba mnipishe. Mstari unapita hapa kwenye benchi.”

Mke akaanza kukusanya mtandio wake. Fundi akamshika mkono.

“Kaa.”

“Mzee, nimeambiwa mstari unyooke,” mchimbaji akasema.

“Upindishe.”

“Nitafukuzwa kazi, mzee wangu.”

“Basi mwite aliyekutuma, aje aniondoe yeye mwenyewe.”

Mchimbaji akachuchumaa, kamba mkononi, akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

“Wanapigwa picha,” fundi akamwambia.

Mke alirudisha mtandio begani, akajisogeza hadi katikati ya benchi, akakaa vizuri. “Endelea kupiga, baba,” akasema. “Na wakipokea, waambie tupo wawili.”