Jiko la Bati Lililoletwa Ndama

Mhandisi aliyekuja Ndama kutufundisha kupika hakuwahi kumenya ndizi maishani mwake. Nalisema hili mapema, kwa sababu wapo wenzangu wa umri huu wanaomkumbuka kwa heshima, nami heshima hiyo sina.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeolewa karibuni katika nyumba ya Walutheri, kwenye kibanja, shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa hadi mlangoni. Mume wangu alikuwa amesoma misheni na alijua Kiingereza, hivyo mhandisi alimchukua awe mkalimani wake. Na kwa kuwa mkalimani alikuwa na mke, na mke alikuwa na jiko, kibanja chetu kikachaguliwa kuwa mahali pa majaribio. Mimi sikuulizwa. Nilikuta vibarua wa mhandisi wakishusha bati uani.

Uvumbuzi wenyewe ulikuwa jiko la bati, refu kama mtu aliyechuchumaa, lenye bomba la kutolea moshi. Halikutumia kuni. Mhandisi alitaka tukate mafunjo kule mabondeni, tuyakatekate, tuyachanganye na mavi ya ng'ombe, tuyashindilie ndani ya kalibu ya mbao na kuyaanika hadi yawe kama matofali. Hayo ndiyo yangewaka. Alisema wanawake wa Karagwe tunamaliza miti ya vilimani. Aliyasema hayo huku maji yake ya kuoga yakichemshwa asubuhi na jioni kwa kuni tulizombebea sisi wenyewe kichwani.

"Anasema mafiga yenu yanapoteza moto pembeni," mume wangu alitufasiria siku ya kwanza, tukiwa tumeketi majanini na akina mama wa jirani.

"Na chungu kikubwa kitakaa wapi?" aliuliza mama mkwe wangu. Tundu la jiko lilikuwa dogo, la kupikia mtu asiye na mke wala wageni.

Mume wangu alisema neno moja fupi kwa Kiingereza, mhandisi akatabasamu, tukaambiwa tuendelee kusikiliza.

Basi ikafika siku ya kuja mkubwa kutoka mjini kulikagua jiko. Mhandisi aliliwasha mwenyewe, amekunja mikono ya shati, mbele ya watu. Mvua zilikuwa zimeanza na yale matofali hayakuwa yamekauka ndani. Yalitoa moshi mzito wa rangi ya maziwa, yakavuja maji, yakanuka kama zizi. Alipuliza. Alichokoa kwa kijiti. Aligonga bomba, masizi yakamwangukia shingoni. Ndizi zangu zilikaa ndani ya sufuria, ngumu vilevile nilivyoziweka. Wakati huo mama mkwe alikuwa jikoni kwake anapikia wachumaji wa kahawa ndizi na maharage, kama kila siku ya mavuno.

Tulisikia gari likipanda mlima. Mhandisi alimwambia mume wangu jambo bila kunitazama. Mume wangu akanijia.

"Nenda kachukue chakula cha mama, ukitie kwenye hii sufuria."

"Hicho ni cha wachumaji."

"Watakula baadaye. Fanya haraka."

Nilikwenda. Mama mkwe alinisikiliza, akaweka mwiko chini, akatoka nje. Nilipakua, nikamwaga zile ngumu kwenye majani, nikajaza sufuria na kuirudisha juu ya jiko. Mvuke ulikuwa ukipanda vizuri kabisa. Chini yake hapakuwa na moto.

Mkubwa alionja, akaonja tena. Alikuwa mtu mzima aliyekaa nchini miaka mingi, na alitusalimia kwa Kiswahili aliposhuka garini. Akamwambia mume wangu aniulize kama jiko linanifaa. Nikajibu kwa Kinyambo, lugha yetu: "Mwambie chakula hiki kimepikwa kwenye mafiga ya mama. Jiko lao limezimika."

Mume wangu aliongea Kiingereza kirefu, huku akicheka kidogo. Mkubwa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Sikujua Kiingereza, lakini nilijua kwamba maneno yangu hayakuwa ya kumridhisha mtu. Nikasema mwenyewe kwa Kiswahili:

"Bwana, chakula kimetoka jikoni kwa mama mkwe wangu. Humu hamna moto."

Mkubwa aliinama, akaweka kiganja ubavuni mwa jiko, akakiacha hapo kidogo. Kisha akakitoa na kukifuta kwa leso.

"Chakula kizuri sana, mama," alisema.

Halafu akasimama kando ya jiko pamoja na mhandisi, wakapigwa picha.

Asiyejua ningemsamehe. Huyu alijua, kiganja chake kilimwambia, na bado alivuta shati vizuri ili atokee sawa kwenye picha.

Wageni walipoondoka, mume wangu alinifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa namenya ndizi nyingine na mama mkwe, maana wachumaji walikuwa bado hawajala.

"Umeniaibisha."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba unashukuru."

"Nashukuru nini?"

"Maneno yako yangetusaidia nini?" alisema. "Kazi ni yao, bati ni lao."

Mama mkwe aliendelea kumenya. Wachumaji walikula jua likizama, na hakuna aliyewaomba radhi ila mama mkwe.

Majiko yalikuja kwa lori baada ya mavuno, yakagawiwa Kiruruma, Igurwa na kwetu, kwa wakuu wa vijiji na walimu. Sikuona hata moja likipika. Fundi bati mmoja wa Igurwa aliyakusanya polepole, akayakata na kuyafanya koroboi, na hizo ziliwaka. Mhandisi alipandishwa cheo, tukaambiwa, akaenda kuvumbua kwingine. Siku ya kumuaga aliwashukuru akina mama wa Ndama kwa ushirikiano, na mume wangu alitufasiria hayo kwa sauti iliyojaa machozi.

Aliendelea kuwa mkalimani miaka mingi, hata kanisani, kwa wahubiri wageni. Nilikuwa nikikaa upande wa wanawake, mikono magotini, nikijiuliza mgeni yule amesema nini hasa. Binti yetu alipoanza shule nilijifunza Kiingereza kwenye vitabu vyake, mchana, baba yake akiwa kazini. Sikumwambia kamwe.