Wimbo wa Sadaka na Santuri ya Waingereza

Kwa majuma kadhaa nilikuwa nalala vibaya kwa sababu ya swali ambalo mchana lilionekana dogo: nimwambie mwalimu wetu wa kwaya kwamba wimbo wa marehemu baba yake haukuwa wa baba yake, au ninyamaze?

Nikinyamaza, wimbo ungeingia kwenye CD ya kwanza ya kwaya, na kwenye jalada lingeandikwa jina la mzee aliyefia kwenye kambi ya wakimbizi kama mtunzi. Siku moja mtu angeutambua, nasi tungeitwa wezi. Nikisema, ningemnyang'anya mtu kitu pekee alichobaki nacho kutoka kwa baba yake. Nilifikiria hata kujifanya mgonjwa mpaka CD itoke. Kisha nikaona kwamba mgonjwa angetembelewa na kwaya nzima, na mwalimu mwenyewe angekaa pembeni ya kitanda changu akiniombea.

Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa huku kusini mwa Afrika. Nilikuwa nimemaliza chuo, na digrii yangu ya uhasibu ilikuwa juu ya kabati katika fleti tuliyopanga na wenzangu mtaa wa Albert Park. Kazi ya uhasibu sikuipata, kwa hiyo mchana nilikuwa kwenye duka la simu mjini, nikibadilisha vioo na kuwajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Jumapili nilipiga gitaa la besi kanisani, kwenye kanisa letu la Wakongo na Warundi, ghorofani juu ya duka la magodoro.

Wimbo wenyewe haukuwa na maneno. Ulipigwa wakati wa sadaka tu. Kwetu sadaka haipelekwi kwa kutembea. Inapelekwa kwa kucheza, safu baada ya safu, akina mama mbele wakiwa na bahasha zao mkononi. Gitaa la mwalimu lilikuwa zito na la chini, kama mtu anayeongea ndio kwanza ameamka, na lilikwenda taratibu kiasi kwamba hata bibi mwenye magoti mabovu alifika mbele bila kuachwa nyuma. Mwalimu alijifunza wimbo ule akiwa mtoto, kambini Tanzania, kutoka kwenye kanda aliyokuwa nayo baba yake. Upande mmoja wa kanda ulikuwa na nyimbo za dini. Upande wa pili ulikuwa na gitaa hilo. Kanda ilikuwa imeshapotea, lakini mwalimu hakuwahi kuwa na shaka: gitaa lile ni baba, alilirekodi parokiani kabla ya vita.

Nami nisingekuwa na shaka, kama si kazi ya pembeni niliyoipata Morningside, mtaa wa wenye nacho. Bibi mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, alileta simu yake dukani, na tulipozungumza akaniuliza kama naweza kuhamisha santuri za marehemu mume wake kwenda kwenye kompyuta. Nilikuwa naenda kwake siku zangu za mapumziko. Alikuwa anaweka chai mezani, ananiachia sebule, naye anakwenda kumwagilia maua.

Santuri kubwa zinazunguka taratibu, na zile ndogo, zenye wimbo mmoja kila upande, zinazunguka haraka. Kuna swichi ya kuchagua spidi. Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kubwa nikaweka ndogo, na swichi nikaisahau. Sindano ikashuka, na katika sebule ya Morningside nikasikia wimbo wetu wa sadaka.

Nilisimama. Nakumbuka niliangalia dirishani kwanza, kana kwamba mwalimu angekuwa nje na gitaa lake. Kila noti ilikuwa mahali pake, hata ile sehemu ambapo gitaa linajikwaa kidogo na kurudi, ambayo mimi siku zote nilidhani ni kosa la mwalimu. Nilirudisha sindano mwanzo. Halafu nikasogeza swichi, na ule wimbo wetu mzito ukawa vijana wanne Waingereza wanaokimbia.

Bibi aliporudi aliukuta bado unapiga. "Ah, hao," alisema, akakaa kwenye mkono wa kiti na glavu zake za bustani.

Aliniambia ilikuwa bendi ya miaka ya sitini, kutoka mji mdogo wa viwanda. Walitoa santuri chache. Kila walipotoa wimbo, bendi kubwa zilikuwa zimetoa wimbo wiki hiyo hiyo. Mwishowe walichoka, wakagombana, mmoja akarudi kwenye karakana ya baba yake. Mume wake aliwaona kwenye ukumbi wa dansi akiwa kijana, na tangu hapo hakuna mgeni aliyekula nyumbani kwao bila kusikilizishwa.

"Wageni walikuwa wanaangalia saa," alisema. "Walikuwa wazuri kuliko bahati yao, hao vijana."

Nilizisikiliza zote. Kwanza ilikuwa kazi, baadaye nilikuwa nazitafuta mwenyewe. Mwimbaji wao hapigi kelele. Anaimba kama mtu anayeeleza jambo akiwa amesimama mlangoni. Mpiga ngoma kila mara unadhani ataanguka, na haanguki. Na besi imewekwa mbele, wazi, na mimi ambaye kila Jumapili naambiwa nipunguze sauti nilipenda hilo zaidi ya yote. Niliwaweka kwenye simu yangu, nikawa natembea nao kwenda kazini, nikishangaa jinsi watu wanaojua hivi walivyoweza kusahauliwa. Lakini kila nilipofika kwenye ule wimbo usio na maneno, niliuruka.

Wakati huo wote mwalimu alikuwa ananidai jalada, kwa sababu mwenye kompyuta dukani nilikuwa mimi. Siku za kazi yeye alikuwa mlinzi wa magari kwenye maegesho karibu na ufukwe, na nilipompitia na chakula aliuliza jambo lile lile.

"Bwana Digrii, jalada iko wapi?"

"Bado naangalia rangi, mwalimu."

"Rangi! Weye hata robot, ile taa ya barabarani, ikiwa kijani, unasimama unajiuliza kama ni kijani kweli. Magari inapiga honi, weye unafikiri." Alicheka, akapungia gari lililokuwa linarudi nyuma. "Jina ya baba uandike kubwa. Hakuacha shamba, hakuacha nyumba. Aliacha ile tu."

Nilirudi dukani nikiwa na hakika kwamba nitanyamaza. Jioni nilikuwa na hakika kwamba nitasema.

Mwishowe nilimweleza bibi wa Morningside, kwa sababu yeye hakumjua mtu yeyote wa kwaya. Nilitegemea aseme kuhusu wizi, au haki za watunzi. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka kwenye akina mama na bahasha zao, na akaanza kucheka, kisha akawa anafuta macho.

"Wanacheza?" aliuliza. "Kila Jumapili? Kanisa zima?"

"Wote. Hata wazee."

"Mume wangu maisha yake yote alitaka watu wacheze wimbo ule," alisema. "Mimi mwenyewe nilikataa."

Kisha akainuka, akatoa kabatini kinanda cha santuri cha mume wake, kile kinachofungwa kama sanduku, akaweka santuri ile ndogo ndani. Hakuniambia nifanye nini. Lakini nilipokuwa nateremka kurudi mjini na sanduku lile mkononi, niliona kwamba mpaka hapo nilikuwa nimelihesabu jambo hili kama hasara tu: ama ya kwaya, ama ya mwalimu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angelisikia na kufurahi.

Jumamosi nilifika kanisani kabla ya mazoezi. Mwalimu alikuwa peke yake, anapanga viti vya plastiki. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu. Nilimwambia tu, "Mwalimu, kaa kidogo," nikaweka spidi ya polepole, nikashusha sindano.

Alikaa. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kusogea juu ya goti, vikifuata. Wimbo ulifika mwisho.

"Ni baba," alisema.

"Si baba, mwalimu." Nikasogeza swichi na kumpigia tena, kwa spidi yake. Nikamwambia ni akina nani, na ni wa miaka ipi, na nimewapata wapi.

Aliuchukua ule mfuko wa karatasi wa santuri, akaugeuza mbele na nyuma. Nilikuwa tayari kwa hasira, na kwa machozi pia. Kilichokuja kilikuwa kama mtu anayetafuta kitu chumbani gizani.

"Betri," alisema. "Redio ya baba, ile ya kanda, haikuwa na betri mpya hata siku moja. Alikuwa anazianika juu ya bati, zipate nguvu kidogo. Kanda ilikuwa inazunguka pole pole, inalia uuuu, kama ng'ombe." Akatikisa kichwa. "Na yeye anafuata na gitaa, anatufundisha. Eish. Baba hakusema ni yake. Ni sisi watoto tulisema."

"Pole sana, mwalimu."

"Pole ya nini? Sikiliza hao vijana. Banakimbia wapi? Mama yangu angefika mbele na mbio hii?" Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye santuri. "Rudia ile ya pole pole."

Niliirudia. Nilimuuliza kuhusu mchungaji, maana muziki wa dunia haupigwi kanisani. Alisema atamwambia yeye mwenyewe, na mchungaji akikataa, basi acheze sadaka kwa makofi tu. Tutaomba ruhusa kwa wenye wimbo, alisema, mwenye studio tuliyorekodia anajua ofisi inayotoa ruhusa hizo. Halafu akaniambia cha kuandika kwenye jalada.

Jumatatu, kabla ya kufungua duka, nilikaa kwenye kompyuta. Niliandika jina la bendi ile ya Waingereza, mahali pa mtunzi, ambapo majuma yote yale palikuwa wazi. Chini yake nikaandika jina la mzee, na mbele yake: mwendo wa sadaka. Nikaliweka jalada kwenye flashi, nikavuka barabara kwa mpiga chapa, nikampa bila kulisoma tena.