Matete ya Upande Wangu

Nyumbani Karatu mtoto aliyekaa kutazama ndege alihesabiwa mvivu. Ndege alikuwa wa kufukuzwa, basi. Nilipewa kopo lenye kokoto nikaamie mtama, nami nililitikisa pale tu mama alipokuwa karibu. Muda uliobaki nilijilaza kando ya kinamasi chetu nikiwatazama korongo wenye taji wakirukaruka na kuinamiana kama watu walioalikwa harusini.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, wawili kati yao walijenga kiota katikati ya matete. Waliyang'oa kwa midomo, wakayakanyaga mpaka yakawa kitanda juu ya maji, wakataga. Sikumwambia mtu. Kwetu yai likijulikana lilipo, huishia jikoni.

Masika yalipokwisha maji yakapungua, na baba akatangaza kwamba matete yatachomwa ili palimwe viazi. Hapo ilinibidi niseme: korongo wanaatamia, tungoje kwanza watotoe.

Baba alicheka. "Hao hao wanaofukua mbegu zangu? Sasa umenikaribishia wageni shambani, binti?"

Siku ya kuchoma, upepo ulikuwa unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Baba na baba mdogo walipowasha mienge ya majani makavu, niliingia kwenye matete, matope yakanifika magotini, nikasimama karibu na kiota. Korongo aliyekuwa juu ya mayai hakuruka. Na mimi sikutoka.

"Toka huko!"

"Sitoki, baba. Ukichoma, unachoma na mimi."

Mama akaanza kulia. Baba mdogo akaenda kutafuta fimbo. Nilijua binti hasemi hivyo mbele ya baba yake. Baba alisimama na mwenge mpaka moto ukamkaribia vidole, akautupa kwenye matope.

"Chomeni upande wa pili," alisema. "Huku mwenyewe yupo."

Jioni nilichapwa, na sikuomba radhi. Makinda walitotolewa, wakawafuata wazazi wao kwenye majani mafupi, nami nikawatazama hadharani bila kumficha yeyote.

Msimu uliofuata, mahindi yetu yalipochipua, familia nzima ya korongo ilitua shambani. Baba alinikabidhi kopo. Nilikwenda nalo mpaka katikati ya shamba, nikamwaga kokoto zote, nikakaa kutazama.